Bakuli la Senu Lenye Ua Lililofumba

Ndugu, majirani, mafundi wenzake wa tanuri, na ninyi mliovuka mto tangu alfajiri kuja kumsindikiza: mzee wetu Senu yuko mbele ya mlango wa kaburi lake, na kabla mlango huo haujazibwa ni haki yake yasemwe aliyoyaishi. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Kenna, kwa ridhaa ya mjane, na mwandishi ndiye anayeusoma. Kenna ni karani wa ghala la nafaka. Amezoea kuandika habari za shayiri, si za watu, kwa hiyo mtamvumilia.

Marehemu Senu alizaliwa siku ya tano ya mwezi wa tatu wa Mafuriko, mwaka wa kumi na moja wa enzi ya babu yake mfalme wetu wa sasa, hapa hapa ng'ambo ya magharibi ya mji wa Waset, katika nyumba iliyo jirani na kisima. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Amenwia, mchonga makaburi, na mama Tanefer. Mwaka ule mto ulipanda mpaka kwenye mashamba ya juu, na mkunga aliletwa kwa mtumbwi wa mafunjo akilalamika njia nzima. Mama Tanefer alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alikuja na maji na ndiyo sababu mikono yake haikukauka maisha yake yote. Kweli, mtu ukimpa Senu mkono ulirudi na unyevu na vumbi jeupe.

Alipotimiza miaka sita alipelekwa kwa mwalimu wa kuandika, nyuma ya hekalu. Mwalimu yule alikuwa mtu mnene, mwenye shingo fupi na hatua za kuyumba. Siku moja aliwaagiza watoto waandike bata, ile alama ya bata ambayo kila karani lazima aijue. Senu akamwandika bata mnene, mwenye shingo fupi, anayeyumba. Darasa zima likamtambua bata huyo. Mzee Amenwia alipoletewa kigae chenye mchoro huo alicheka kwanza, kisha akamchapa mwanawe, kwa mpangilio huo. Elimu yake iliishia hapo, ila msimdharau: mkono wake ulikuwa umeshakuwa mwepesi, na hadi mwisho aliandika jina la mtu vizuri kuliko Kenna, ambaye anakula mkate kwa kuandika.

Mwaka uliofuata alikabidhiwa kwa mjomba wake, fundi Baki, kwenye matanuri yaliyo chini ya jumba la mfalme. Wengi wenu mmekulia moshini kule, lakini waliotoka mbali waelezwe kidogo. Vyombo vyetu vya kung'aa havifinyangwi kwa udongo. Tunasaga jiwe jeupe mpaka liwe unga, tunachanganya magadi, majivu na vumbi la shaba, na kinyunya hicho ni kikaidi kuliko punda. Ukikishika sana kinapasuka, ukikishika kidogo kinalala. Kikikauka polepole, magadi yanatoka nje yenyewe kama chumvi usoni mwa mtu aliyetoka jasho, na chumvi ile ndiyo inayogeuka mng'ao wa buluu motoni. Haraka haina baraka, na kwenye kazi hii msemo huo haukusemwa kwa mapambo. Senu alisaga jiwe miaka minne kabla ya kuruhusiwa kushika brashi. Alipoishika, hakuiweka chini tena. Alichora mafunjo, bata, samaki, ndama wa Hathori, mungu wetu ng'ombe, akiwa kati ya matete, na zaidi ya vyote alichora yungiyungi, lile la buluu la bwawani, linalozama na kufumba jioni na kuchanua upya jua likitoka. Akina mama wa Waset walisema yungiyungi la Senu ukilisogezea pua utasikia harufu. Hakuna aliyewahi kuisikia, lakini wote walisogeza pua.

Mke wake alimpata kwa njia ya chupa. Ilikuwa siku chache kabla ya Mwaka Mpya, watu wakinunua zile chupa za buluu za kuchotea maji mapya ya mto. Binti mmoja wa mpika pombe, Hunero, alinunua yake, na kesho yake akarudi nayo amekunja uso.

"Kaka, umeniuzia chupa bahili," alisema. "Inapokea maji, haitoi."

"Itikise, dada."

"Nimeitikisa mpaka bega linauma. Nimepata matone mawili na sisimizi mmoja."

Senu akambadilishia. Ya pili nayo ikawa bahili, na ya tatu vilevile, mpaka mama yake Hunero akauliza kama ugonjwa uko kwenye chupa au kwa fundi. Fundi Baki ndiye aliyetoboa siri kwamba shingo ya chupa ya kwanza ilizibwa kwa bahati mbaya na zile mbili zilizofuata kwa makusudi. Walioana mwezi wa kwanza wa msimu wa Kuota, mbegu zikichipua, mwaka wa thelathini na tatu wa enzi ile ile. Hunero aliingia nyumbani kwa mumewe na kitanda, jiwe la kusagia na ulimi wake, na nyumba ikapata uhai.

Mwaka wa pili wa ndoa walijaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Nakhi. Kuanzia hapo Senu hakuitwa tena Senu. Akawa Baba Nakhi mtaani, Baba Nakhi sokoni, na kule matanurini pia. Nakhi alikuwa mtoto wa kushikilia. Akishika upindo wa kitambaa cha baba yake haachii, na Senu alikuwa akichora huku akimburuta mtoto upande mmoja. Usiku alikuwa haogopi fisi wala ng'e. Aliogopa giza tu, na taa ikizimika alimwita baba, si mama, jambo ambalo Hunero alilikubali kwa shida.

Nakhi alifariki kwa homa mwezi wa pili wa Mafuriko, akiwa na miaka mitatu. Hapa ndipo ilipo habari ya maisha ya marehemu, na mjane amesema isemwe yote.

Kwetu mtoto mdogo hakai. Anazikwa upesi, chini ya mlima upande wa mashariki, ndani ya kikapu au mtungi. Baba aliye fundi humwekea bakuli alilofanya mwenyewe. Katikati ya bakuli kunachorwa yungiyungi lililochanua. Pembeni unaweza kuweka vitumba, maua yasiyochanua bado, ukipenda, lakini la katikati lazima liwe wazi, maana kupitia hilo ndipo mtoto atakapotoka asubuhi kama jua linavyotoka. Kila mtu anayejua kuvaa nguo zake analijua hilo. Na kila fundi anajua jambo la pili: jina la marehemu huandikwa mwisho, kwa wino, bakuli likishatoka motoni na kukaguliwa. Chombo kisicho na jina kikiharibika unakivunja na kufanya kingine. Chenye jina hakivunjwi. Kuvunja jina la aliyekufa ni kumuua upya, na safari hii hakuna wa kumzika.

Senu alikuwa na siku moja na ushee. Badala ya kuliacha bakuli likauke kivulini, aliliweka karibu na moto. Na badala ya kusubiri, aliandika jina la Nakhi pale pale kwenye kinyunya kibichi, chini ya ua, kwa ile rangi nyeusi ya kuchorea. Alitaka jina liingie ndani ya mng'ao, lisifutike milele. Fundi Baki alimwona akamwacha, kwa sababu hukaripii mtu aliyefiwa asubuhi.

Bakuli lilitoka likiwa na buluu nzuri kuliko zote alizopata kuzitoa. Ila moto ulikuwa umezidi, mng'ao ulikuwa umeyeyuka na kutiririka, na mistari ya yungiyungi ilikuwa imeteleza ikakutana. Ua lilikuwa limefumba. Jina chini yake lilisomeka bila doa.

Hakuweza kulivunja. Hakuweza kuliacha nje, jina la mtoto likizagaa juani. Jua lilikuwa linaelekea mlimani na wachimbaji walikuwa wanangoja. Senu aliliweka bakuli ndani ya kikapu, kifuani pa mtoto, uso wa bakuli ukitazama chini ili watu wasilione, akafunika yeye mwenyewe. Aliamini kwamba kwa mkono wake amemfungia Nakhi gizani. Aliamini hivyo mpaka alipokata roho.

Miaka miwili baadaye walijaliwa binti, Wabet, na watu kwa huruma wakaanza kumwita Senu Baba Wabet. Aliitika. Lakini kazi yake ilikuwa imebadilika. Hakuchora kitumba tena, hata pembeni, hata pale ua moja lililofumba lingependezesha pambo. Mabakuli yake yalijaa mayungiyungi yaliyochanua yakisukumana kama wanawake kisimani. Msimamizi mmoja wa kazi za jumba, ambaye jina lake halina haja, alimwagiza afanye seti ya vikombe vya karamu vyenye ua na kitumba, ua na kitumba, kwa zamu. Senu akapeleka ua na ua. Akarudishiwa. Akapeleka tena ua na ua. Msimamizi akamuuliza kama ni kipofu au ni kiburi, Senu akajibu kwamba chombo chake hakifumbi. Aliondolewa kwenye brashi akapelekwa kwenye shanga, kazi ya watoto na wazee, na huko alikaa miaka mingi akitoboa shanga. Kenna alimsihi aombe msamaha. Alimwambia ni kitumba tu. Senu akamuuliza mdogo wake kama amekula.

Wengi mlimwona alfajiri pale bwawani, amesimama ukingoni na fimbo yake, akingoja mayungiyungi yachanue. Mlidhani anatafuta michoro. Alikuwa anaangalia kama yote yanafunguka. Yakibaki mawili matatu yamefumba mpaka jua limepanda, siku hiyo ilikuwa mbaya nyumbani.

Ugonjwa wake ni ule ule uliowamaliza wenzake wengi, kikohozi cha vumbi la jiwe. Ulianza polepole, mwaka wa kwanza wa mfalme wetu wa sasa. Tabibu alimpa asali na bia ya moto, akamfukiza majani, akamfunga hirizi shingoni, kifua hakikusikia. Msimu wa Mavuno uliopita alishindwa kulala chali, akawa analala ameketi, ameegemea ukuta. Wabet, aliyekuwa amefundishwa brashi na baba yake na sasa ni fundi kamili, alihamia pale na wanawe ili amsaidie mama.

Siku moja, adhuhuri, Senu aliwaita watu watatu: mkewe, binti yake na mdogo wake. Alizungumza kwa vipande, akipumua katikati.

"Wabet, bakuli la kaburini kwangu utalifanya wewe," alisema. "Ua la katikati ulifumbe."

Kenna ndiye aliyejibu kwanza.

"Kaka, hiyo ni homa inaongea."

"Sina homa. Nina kikohozi."

"Ukiingia na ua lililofumba, hutoki. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nakhi naye hajatoka," alisema Senu. "Mtoto wa miaka mitatu. Yuko gizani, na akiwa gizani ananiita mimi. Nikipita mlango mzuri nitapanda na jua, na yeye nitamwacha nyuma. Nipelekeni kule kule alikopelekwa."

Wabet akauliza ni nini kimetokea, kwani hakuwahi kuambiwa. Senu akaeleza habari ya bakuli, yote, mara ya kwanza kwa mdomo wake. Alipomaliza akamtazama mkewe kwa woga, kama mtu aliyevunja kitu cha mwenzake na sasa anangoja.

Hunero hakulia. Alisema aliliona bakuli siku ile ile, kabla halijafunikwa, na alimwona mumewe anavyoligeuza. Alinyamaza kwa sababu alihofia kwamba wakilisema litakuwa kweli zaidi. Wote wawili wamelala kitanda kimoja na jambo hilo kati yao miaka yote hiyo, kila mmoja akimfichia mwenzake alichokijua. Kisha akasema neno ambalo Kenna hajalisahau.

"Na mimi, Baba Nakhi? Mkibaki huko wewe na mtoto, mimi asubuhi ile nitaamka na nani?"

Lilikuwa jina ambalo hakuna aliyemwita tangu msiba. Senu alikohoa muda mrefu, na mkewe akamshika kifua mpaka kikatulia.

"Siendi kukaa," alisema. "Naenda kumchukua."

"Na usipoiona njia ya kurudi?"

"Sijui, Mama Nakhi. Ila siwezi kuchanua wakati yeye amefumba."

Kenna alitoka nje kwa hasira. Alikwenda kumuuliza kuhani, na kuhani akasema katika maisha yake wameomba wengi wafunguliwe njia, huyu ni wa kwanza kuomba afungwe. Hapo Kenna alirudi akasema wazi kwamba hataruhusu, kwamba yeye ndiye mwanamume aliyebaki katika ukoo, na kwamba kumpeleka kaka yake gizani kwa makusudi ni dhambi asiyoweza kuibeba. Hunero alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Shemeji, mtoto ni wangu na mume ni wangu. Hasira ni yako, kaa nayo," na mambo yakaishia hapo.

Marehemu alifariki asubuhi ya siku ya kumi na tisa ya mwezi wa nne wa Mavuno, mwaka wa tatu wa mfalme wetu, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Alikuwa ameketi, kichwa begani kwa mkewe. Alipelekwa kwa wanaohifadhi miili ya wafu, akakaa siku zake sabini kama desturi ilivyo.

Katika siku hizo Wabet alifanya kazi mlango umefungwa. Mama yake alimsagia jiwe. Kinyunya kilikauka kivulini, polepole, hakuna aliyekisogeza karibu na moto. Jina liliandikwa mwisho, kwa wino. Na leo kabla ya mapambazuko, Kenna alipokuja kuchukua vyombo vya kaburini, alionyeshwa bakuli.

Mtaliona likipita sasa hivi, na msishtuke, wala msiseme fundi amekosea. Yungiyungi la katikati limefumba. Limefumba kabisa, jani juu ya jani, kama alivyotaka. Kenna alipoliona aliketi juu ya jiwe la kusagia.

Wabet akamwambia atazame vizuri, karibu na ukingo. Kulikuwa na samaki mmoja tu, perege, anaelekea kwenye lile ua. Kinywa chake kiko wazi, na ndani hamna kitu.

"Baba aliniambia nilifumbe ua," alisema. "Hakunikataza samaki."

Sisi sote ni watu wa mto. Hakuna hapa asiyemjua perege anavyolea. Hatari ikija, wanawe wanakimbilia kinywani mwake, anafumba, anaogelea nao mpaka mahali penye mwanga, na hapo anawatema wakiwa hai. Kenna aliyajua hayo tangu utoto. Bado akauliza, kwa sababu karani lazima aulize, huyo samaki akishampata mtoto atapita wapi, ikiwa ua limefumba.

"Perege hapiti kwenye ua, baba mdogo," Wabet alimjibu. "Anapita majini. Na maji ni bakuli lote."

Hunero alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Kwa hiyo watakuja wote wawili," na hakuwa anauliza. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki, na Kenna alilia pamoja naye, na hasira yake ikaisha.

Marehemu Senu ametanguliwa na wazazi wake, mzee Amenwia na mama Tanefer, na mjomba wake fundi Baki. Ametanguliwa na mwanawe Nakhi. Ameacha mjane, Hunero. Binti, Wabet, na mkwe wake, Hori. Wajukuu wawili wanaocheza pale nyuma na ambao tunaomba mtu awashike. Na mdogo wake, Kenna. Ameacha pia vyombo katika nyumba zenu nyingi, ndani yake maua yote yakiwa wazi, na sasa mnajua kwa nini.

Kwa desturi, mahali hapa msomaji humwombea marehemu apumzike. Familia imeona isiombe hivyo bado, kwa kuwa Senu hakulala ili apumzike. Nenda, kaka. Mwite kwa jina, anaijua sauti yako. Mshike, na akikushika upindo usimwambie aachie. Mkishatokea kwenye mwanga, wewe na yeye, hapo ndipo mpumzike kwa amani.